Sadik Amechelewa

Ujumbe uliingia Alhamisi alasiri, Gumato akiwa anaufagia ua kwa mara ya tatu na mumewe Halkano ameketi kizingitini akimtazama. Nyumba yao ya udongo nyuma ya soko la Garsen ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Beberu alifungwa kwenye mti wa mathenge, na maziwa yalikuwa yamegandishwa kwenye kibuyu tangu juzi. Mwana wao wa pekee wa kiume, Sadik, aliyekuwa Uarabuni miaka miwili akibeba zege kwenye majengo, alitarajiwa kushuka na basi la Mombasa jioni ile.

Halkano aliitoa simu mfukoni akaishika mbali na uso, kama mtu anayetazama jeraha. Hakujua kusoma. Binti yake Muna, ambaye kwa kawaida ndiye aliyemsomea, alikuwa bado shuleni anakofundisha Kiingereza. Akampa Arafa, mke wa Sadik, aliyekuwa ndani na mwanawe mdogo Nimo, akikausha hina mikononi.

"Ni Kizungu, baba," Arafa alisema baada ya kuikodolea macho. "Jina la Sadik naliona. Mengine siyajui."

"Atakuwa anatwambia basi lake," Gumato alisema bila kuinua kichwa. "Nenda kwa Nassir akusomee."

Halkano akachukua fimbo yake akaenda. Dukani kwa Nassir palikuwa na watu wanne au watano, kama ilivyo kawaida ya alasiri. Nassir aliuza unga, sukari na salio la simu, na kwa kuwa alimaliza kidato cha nne, aliwasomea wazee wa mtaa ule barua za watoto wao bila kudai chochote. Aliipokea simu kwa bashasha. Midomo yake ikasoma kimya. Kisha akaivua kofia.

"Mzee Halkano, hebu keti kwanza."

"Nikae kwa nini? Sema tu. Anakuja na basi gani?"

Nassir aliwatazama wateja wake mmoja mmoja, kana kwamba alitaka mwenzake ajitokeze ampokee mzigo. Hakuna aliyejitokeza.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Mwanamke aliyekuwa akinunua chumvi akaziba mdomo kwa mtandio. "Mzee, ujumbe unasema Sadik ni late. Ni kusema ametangulia mbele ya haki."

Halkano akanyoosha mkono kuidai simu yake. Alitaka kuuliza kitu, lakini wote walikuwa wakimtazama, na mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa na ng'ombe za kutosha kumfanya asikilizwe, akaona aibu ya kulia mbele ya magunia ya unga. Akageuka akashika njia ya nyumbani. Habari ilikuwa na miguu mizima kuliko yake. Alipofika karibu na ua wake alisikia wanawake wamekwisha kupiga yowe.

*

Muna naye alizisikia sauti hizo kutoka mbali, akitoka shuleni na mkoba wa madaftari begani. Alidhani ni vigelegele. Akaongeza mwendo, akitabasamu peke yake barabarani, mpaka alipofika mlangoni akaziona kandambili za wanaume zimejipanga na mama yake amelala ubavu mavumbini, mtandio umemtoka kichwani.

Hakuna aliyemwambia kwa utaratibu. Kila mtu alitoa kipande. Alipofika kwa baba yake kwenye mkeka wa wanaume, alikuwa amekwisha kuokota vyote.

"Nani aliusoma?"

"Nassir," Halkano alisema. "Wewe hukuwepo."

Hakukusudia kumlaumu, lakini maneno yalimpata. Muna akaichukua simu. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya ugenini: Hello. I am sorry. Sadik is late. I will call. Sorry.

Aliusoma. Akausoma tena. Mara ya tatu macho yake, kwa mazoea ya kazi, yaliacha kutazama habari yakatazama mpangilio: jina, kitenzi, kisha neno la sifa.

"Nyamazeni," alisema. Hakuna aliyenyamaza. Akapaza sauti ile ya darasani. "Nyamazeni! Hapa hakuna mtu aliyekufa."

Ua ukatulia, isipokuwa beberu. Gumato akainua kichwa kutoka mavumbini.

"Kuna neno dead," Muna alisema. Maneno yalikuja kwa mpango kwa sababu aliyasema kila mwaka darasani. "Hilo uliweke popote, maana yake ni ile ile. Kabla ya jina, 'dead man', ni maiti. Baada ya kitenzi, 'the man is dead', mtu amekufa. Lakini late haliko hivyo. Likitangulia jina, 'the late Sadik', ndipo linakuwa marehemu Sadik. Likija baada ya is, kama hapa, 'Sadik is late', maana yake Sadik amechelewa. Amechelewa tu. Ndege yake imechelewa, au basi. Ndiyo maana huyu mtu anaomba radhi."

Ndugu yake Halkano, Kuno, mstaafu wa polisi wa utawala, alikohoa. Alikuwa mtu mpole, na alilisema lake kwa upole.

"Mwanangu, mimi nimekaa kituoni miaka mingi. Mtu akifiwa anakuja anasema, 'Afande, my brother is late.' Hakuna siku nilimuuliza amechelewa wapi."

"Hicho ni Kiingereza chetu, ami. Cha sisi watu wa huku. Wenye lugha hawasemi hivyo. Na hii namba ni ya kule. Aliyeandika ni mtu wa kule, msimamizi wake, labda Mhindi, labda Mfilipino. Angetaka kusema Sadik amekufa, angeandika dead."

"Dead ni neno la ng'ombe," Kuno alisema. "Kiangazi kilipotumalizia ng'ombe zetu, yule bwana mifugo alikuwa anahesabu mizoga, anasema dead, dead, dead. Mtu mwenye adabu hawezi kumwandikia mzazi hivyo. Atatafuta neno laini."

"Laini ndiyo, ami. Lakini neno hilo laini mahali pake ni kabla ya jina. Hapa limekuja baada."

"Kwa hivyo," Halkano alisema taratibu, "uhai wa mtoto uko kwenye kabla na baada."

Hakuwa akikejeli. Alitaka kuelewa.

"Ndiyo, baba."

Arafa alikuwa ametokea mlangoni. Nyuma yake walisimama wanawake wawili wa mtaani wenye bakuli la maji, malimau na majivu. Walikuwa wakimsugua hina mikononi, maana mjane anayekaa eda hapambwi. Hina ilikuwa imeshika vizuri, ya kurudiwa siku mbili, na walikuwa wamemsugua mpaka vidole vikavimba. Bangili zake zilikuwa sakafuni.

"Wifi," aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya Kipini alikozaliwa, ya kuvuta mwisho wa maneno. "Kachelewa sana ama kachelewa kidogo?"

"Ujumbe haukusema."

"Neno lenyewe haliwezi kusema?"

"Linaweza. 'Very late', amechelewa sana. 'A little late', amechelewa kidogo. Ni dead ndilo halina sana wala kidogo."

Arafa akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa kitu cha kushika. Akawageukia wale wanawake wawili. "Basi niachiani mikono yangu. Mie si kizuka, sina eda."

Macho yote yakamwendea Sheikh Adnan, imamu wa msikiti wa mtaa, aliyekwisha kuja na kukaa pembeni.

"Hatumswalii mtu kwa neno lenye shaka," alisema. "Arafa ni mke mpaka ithibitike vingine. Tusubiri. Huyo mtu ameahidi kupiga simu."

Hapo Gumato akaketi, akajifunga mtandio. Watu wakaanza kuondoka, na kuondoka kwenyewe kukawa na fadhaa, kwa sababu hawakujua waage vipi. Waliokuja na sukari na mchele wa tanzia waliviacha ukutani wakijifanya wamesahau. Mama mmoja alirudi, akasema, "Nauchukua mchele wangu, shoga, haukuwa wa jambo hili," akaubeba mfuko wake bila kumtazama mtu.

Nje ya ua Kuno alimfuata Sheikh Adnan.

"Sheikh, mimi najua maana ya lile neno."

"Hata mimi najua."

"Basi mbona umemwacha?"

"Kwa sababu kujua kwangu na kwako si yakini," Sheikh alisema. Kisha akaongeza, "Na kwa sababu yule mama alikuwa ameacha kulia."

Muna aliipiga ile namba mpaka salio likaisha, akanunua jingine akaipiga tena. Haikupatikana. Akaitumia ujumbe kwa simu yake mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka: Mimi ni Muna, dada yake Sadik. Wewe ni nani? Sadik yuko wapi? Tafadhali. Basi la Mombasa lilifika, likashusha watu na mizigo, likaendelea na safari. Sadik hakuwemo. Nyumbani Gumato alipoambiwa alisema tu, "Si tumeambiwa amechelewa?" Akafunika maziwa.

*

Asubuhi ya Ijumaa Gumato alikwenda mwenyewe stendi. Hakumwambia mtu. Alivaa dira lake la sikukuu, akatandika gunia chini karibu na wanawake wa Tarasaa wanaouza maembe, akakaa akitazama barabara. Kila basi liliposimama aliinuka, akasogea mpaka mlangoni, akachungulia kila aliyeshuka mpaka wa mwisho, kisha akarudi kwenye gunia.

"Mama, unasafiri au unahesabu magari?" utingo mmoja alimuuliza, na vijana wa bodaboda wakacheka.

"Namngoja mwanangu. Amechelewa."

Miongoni mwa vijana wale mmoja alikuwa amelia nao uani jana. Akaacha kucheka, akawasha pikipiki akaenda kusimama upande wa pili wa barabara.

Muna alikuwa shuleni. Alifikiria kuomba ruhusa, lakini kuomba ruhusa kungemlazimu kutaja sababu, na sababu ilikuwa nini? Mtu hapewi ruhusa kwa kuwa ndugu yake amechelewa. Akaingia kidato cha pili na chaki mkononi. Somo la siku lilikuwa jingine kabisa. Aliligeuzia darasa mgongo, akaandika ubaoni neno moja, late, akawaambia kila mmoja atunge sentensi. Hakujipa muda wa kujiuliza kwa nini anafanya hivyo.

Alipita katikati ya madawati akisoma juu ya mabega yao. My grandmother is late. The chief of our village is late. Our neighbour is late because of a snake. Alikwenda dawati hadi dawati, akitafuta basi, akitafuta kengele, akitafuta mtoto mmoja tu aliyechelewa shule. Mvulana wa mwisho ndiye aliyeandika hivyo, naye alikuwa amenakili kutoka kamusi.

Akasimama kwa msichana wa dirishani. Mtoto yule alikuwa ameandika: My father is late.

"He is late for what?" Muna aliuliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

Msichana hakuelewa. Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tupu, lakini Kiingereza kilimwisha hapo hapo.

"Alikufa, mwalimu," alisema. "Kwenye mafuriko."

Darasa likaangalia chini. Muna alimwekea mtoto alama ya vema pembeni mwa sentensi, kisha akatoka nje na kuliacha darasa wazi.

Chini ya ukuta wa jengo la walimu alimkuta mwenzake Nyevu, aliyefundisha naye Kiingereza, akimenya machungwa. Nyevu alikuwa amesikia.

"Wewe ungesahihisha vipi?" Muna alimuuliza. "'My father is late.' Ungempa?"

Nyevu aliweka kisu chini. "Kwenye mtihani nisingempa. Nyumbani kwetu mama aliposema baba is late, sikumsahihisha." Akamtazama usoni. "Muna, huyo aliyeandika anaitwa nani?"

"Sijui."

"Basi hujui lolote, dada. Sarufi haitakusaidia mpaka ujue ni mdomo wa nani."

Simu ikalia mkononi mwa Muna.

*

"Assalaam aleikum. Dada Muna?"

Ilikuwa sauti ya kiume, ya Kiswahili safi cha pwani. Muna hakuhitaji kusikia zaidi. Kiswahili kile chenyewe ndicho kilichompa habari. Aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Khalid. Mtu wa Malindi. Nililala na Sadik chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Nimeona ujumbe wako sasa hivi. Tulinyang'anywa simu, polisi walikuwa wanatuhoji."

"Ni wewe uliyeandika jana."

"Ni mimi."

"Kwa nini uliandika kwa Kiingereza? Unajua Kiswahili."

"Nilianza kwa Kiswahili," Khalid alisema. "Nikaandika 'Sadik ame', nikakwama hapo. Nikafuta. Nikaanza tena, nikakwama pale pale. Kwa Kizungu likaandikika, dada. Sijui kwa nini. Ni kama halikuwa langu."

"Sisi tulidhani amechelewa."

"Amechelewa wapi?" Khalid aliuliza, hakuelewa.

Khalid akaeleza, na alipokwisha kuanza hakusita tena. Walimwambia Sadik amalizie zamu ya mwisho ndipo apewe pasipoti yake. Jua lilikuwa kali mno. Alisema kichwa kinamzunguka, msimamizi akamwambia avumilie, safari ni kesho. Alianguka na ndoo mkononi, kwenye orofa ile ile walipokuwa, hata hakuanguka kutoka juu. Walimmwagia maji. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari, na gauni la mtoto juu kabisa ili lisikunjike.

"Wanataka jibu, dada. Azikwe huku au arudishwe. Kurudisha ni miezi, makaratasi mengi, na kampuni inasema haihusiki. Wakipata idhini ya baba yake, watu wetu wa msikitini watamshughulikia wenyewe. Samahani kukuuliza haya."

"Nipe muda nimwambie mama," Muna alisema.

Nyevu alimshika mkono akamwinua. Hawakumwomba mtu ruhusa; njiani kijana wa bodaboda akawaambia mama yuko stendi.

Stendi Gumato alikuwa pale pale kwenye gunia. Muuza maembe alikuwa amemkatia embe, nalo lilikuwa kando limeanza kuingia nzi. Muna akaketi karibu naye. Njia nzima alikuwa ametunga maneno kwa Kiorma, lugha ya nyumbani, kwa upole, moja baada ya jingine, na sasa hakuna hata moja lililokuja.

"Mama, aliyeandika amepiga simu."

"Alhamdulillahi. Anasemaje? Yuko Mombasa?"

"Anaitwa Khalid." Muna akawafukuza nzi kwenye embe. "Ni mtu wa Malindi."

Gumato aliitikia kwa kichwa. Halafu kichwa kikasimama. Hakwenda shule hata siku moja, lakini alikuwa amelala mavumbini jana akisikiliza kila neno la ile kesi, kama mtuhumiwa anavyosikiliza.

"Wa Malindi," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Basi ni Kiingereza chetu."

Basi lilikuwa linaingia kutoka Mombasa. Gumato aliinuka, akasogea mlangoni kama alivyofanya tangu asubuhi, akawatazama wanaoshuka: mzee wa kofia, mwanafunzi mwenye sanduku la bati, mwanamke na kuku wake. Alingoja mpaka utingo akaufunga mlango. Ndipo alipotoa sauti, na vijana wa bodaboda waliokuwa mbali wakazima injini zao.

*

Arafa alizitoa herini mwenyewe. Hakungoja mtu. Aliingia chumbani, akavaa nguo nyeupe, akamkabidhi Muna mtoto wake Nimo, aliyezaliwa Sadik akiwa amekwisha kuondoka, akasema, "Mpe maziwa, wifi. Yatachacha." Watu wakarudi uani. Wengi walikuwa wale wale wa jana, na safari hii hawakupiga yowe. Waliingia kwa adabu, wakainamisha vichwa, kama waliokuwa wamekosea mara ya kwanza. Nassir alikuja amefunga duka. Halkano alimpa mkono, na Nassir akaushika muda mrefu.

Suala la maziko lilikuwa zito. Halkano alikuwa radhi mwanawe azikwe huko, ila hakuthubutu kulisema. Sheikh Adnan aliwaeleza kuwa ardhi yote ni ya Mungu na kuwa maiti ni haki yake kuharakishwa. Kuno akasema wao ni watu wa kuhama, makaburi ya wazee wao yametawanyika malishoni hata hayajulikani.

Gumato alisikiliza wote. Uso wake ulikuwa na vumbi bado.

"Nilitaka kumwosha mimi miguu," alisema. "Tangu mdogo alikuwa hajui kujiosha miguu." Akajifuta vumbi usoni. "Wakimweka miezi kwenye barafu, atakuwa analala na nani humo? Mwambieni huyo Khalid wamzike."

Jumamosi Halkano alikwenda ofisi ya chifu kuweka dole gumba kwenye idhini. Karani alimshika kidole kama cha mtoto mchanga, akakizungusha kwenye wino, akakikandamiza mahali pake, huku akizungumza na mtu mwingine dirishani juu ya mpira. Muna akaituma picha ya karatasi ile kwa Khalid. Kisha hawakuwa na la kufanya ila kungoja.

Khalid alipiga simu ya video Jumapili baada ya alasiri. Mtandao wa Garsen ulikuwa hafifu, ikabidi watoke wote mpaka kwenye uwazi nyuma ya nyumba, Muna ameinua simu juu kidogo na jamaa zake wamemzunguka. Arafa aliletwa mpaka mlango wa nyuma, akasimama ndani ya kivuli cha nyumba. Picha ilikuja vipande vipande. Ikaonekana nchi tupu ya mchanga, safu za mawe madogo yasiyo na majina, na wanaume wachache waliovaa mavazi ya kazi. Jeneza halikuwepo. Kulikuwa na kitu cheupe mikononi mwa watu.

"Mnaona?" Khalid aliuliza.

"Tunaona," Muna alisema.

Picha ikaganda. Kitu kile cheupe kikabaki hewani, hakishuki, hakirudi. Iliporudi, watu wawili walikuwa wamekwisha kuingia shimoni na wa juu wanainama kuwapa.

Gumato alikuwa ameukaribia uso wa simu mpaka pumzi yake ikautia ukungu. Muna akaufuta kwa kiganja.

"Yule nani aliyemshika mwanangu miguu?" Gumato aliuliza. "Yule mwembamba."

"Ni Mbangladeshi, mama," Khalid alijibu. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye maneno yake. "Anafanya kazi ya rangi. Yeye ndiye aliyemwosha, na miguu yote. Alikataa mwingine asimguse."

Gumato akashika ukingo wa simu pamoja na Muna, mikono miwili kwenye kitu kidogo kama kile.

"Mwambie mama yake Sadik anamshukuru."

"Hajui Kiswahili, mama. Wala Kiarabu hajui vizuri. Ana Kiingereza kidogo."

"Muna," Gumato alisema. "Mwambie wewe."

Khalid aliisogeza simu. Mtu mwembamba alikuwa amepanda kutoka shimoni, mchanga umemjaa magotini, akajipangusa mikono kwenye suruali na kuangalia kamera kwa wasiwasi, kama mtu anayengoja kugombezwa. Muna alifungua kinywa. Miaka yote ile ya kufundisha, na sasa hakukuwa na neno lililotosha, kabla wala baada.

"Thank you," alisema. "Brother, thank you."

Yule mtu aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Kisha akachukua koleo, akarudi kwa wenzake, wakaanza kufukia.